Mvua Isiyowahi Kuonekana, kwa Mujibu wa Redio

Saa tatu kamili asubuhi, Jumapili na Krismasi zikiwemo, Akeno alivuka uwanja wa zahanati ya misheni pale Kanamkemer, mjini Lodwar, daftari kwapani na kalamu nyuma ya sikio, kwenda kusoma mvua. Kipimamvua chenyewe kilikuwa mkebe wa bati uliozikwa nusu ardhini, umezungushiwa ua wa miiba ili mbuzi wasinywe maji yake. Aliuinua mkebe, akamimina kilichomo kwenye chupa nyembamba yenye mistari, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, akasoma, akaandika, akatia sahihi. Kazi hiyo alipewa mwaka 1979 na sista mmoja Mwitaliano aliyekuwa akirudi kwao. Aliambiwa ni ya miezi mitatu tu, hadi apatikane mtu wa kudumu. Mtu huyo mpaka leo yuko njiani.

Ubaya wa kupima mvua Lodwar ni kwamba mvua ya Lodwar haina haraka. Asubuhi nyingi Akeno aliukuta mkebe umekauka, pengine na mjusi mmoja anayejipumzisha kivulini, naye akaandika sufuri. Kurasa zilijaa sufuri kama trei za mayai. Jirani yake Ekidor, fundi wa pikipiki ambaye karakana yake ilikuwa ng'ambo ya ua, hakumwacha apite bure hata siku moja.

"Mama Akeno, ejok, hujambo? Leo umepima nini?"

"Sufuri."

"Na jana?"

"Sufuri."

"Sasa si uandike ya wiki nzima Jumatatu, halafu ukalale?"

"Wewe ungefanya hivyo," akamjibu bila kusimama. "Ndiyo maana sista hakukupa wewe kazi."

Aliamini kwamba sufuri nayo ni habari, na aliwaeleza hata wale wasiotaka kuelezwa. Mtu anayeandika siku za mvua peke yake, alisema, ni kama mjane anayekumbuka siku alizogombana na mumewe tu. Ukimsikiliza utadhani ndoa nzima ilikuwa vita. Yeye mwenyewe alikuwa mjane, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mrefu, mkavu, mwenye shanga chache shingoni na sauti ya tatu katika kwaya. Darasani alifika la saba. Lakini maofisa waliokuja kutoka "Kenya", kama watu wa huku wanavyouita upande wote ulio kusini mwao, walijifunza upesi kutobishana naye kuhusu tarehe.

Aprili 2013, mwezi mmoja baada ya uchaguzi, watu wakiwa bado wanajadili serikali mpya ya kaunti itakaa katika nyumba gani, ikanyesha. Asubuhi Akeno alivua viatu, akauvuka uwanja uliogeuka bwawa, akapima mara mbili kwa sababu chupa ilijaa kabla mkebe haujaisha. Milimita sitini na nane. Laga ya Kawalase, ule mto wa mchanga ambao kwa mwaka mzima huwa barabara ya mbuzi na uwanja wa mpira, ilikuwa imeteremka usiku ikiwa na maji rangi ya chai na ikaondoka na vibanda vya watu. Akeno aliketi kwenye kizingiti cha zahanati, akafungua madaftari ya zamani, akalinganisha. Sitini na nane ilikuwa ya nne. Aliandika, akatia sahihi, akaenda kumsaidia mwenzake wa kwaya kutoa matope nyumbani.

Siku ya tatu alikuja Kamande, mwandishi wa redio kutoka Nairobi, mwanamume mpole wa miaka thelathini na kitu, aliyevaa kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia ndani yake. Mtu fulani mjini alikuwa amemwambia kuna mama anayepima mvua tangu enzi na enzi. Alimsalimia kwa heshima zote, akakubali chai, akawasha kinasa sauti.

"Mama, mvua kama hii umewahi kuiona?"

"Nimeiona. Mara tatu iliipita hii." Akafungua daftari. "Hii ya El Nino. Hii hapa, binti yangu Arot alikuwa hajaanza shule. Hii nyingine nilikuwa mgeni kazini, niliogopa kuiandika, nikadhani nimekosea."

Kamande alizitazama kurasa kama mtu anayeoneshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

"Lakini hali ya hewa imebadilika, sivyo?"

"Ya usiku imebadilika. Nina daftari la usiku pia, la kipimajoto. Niulize ya usiku."

Hakuuliza ya usiku. Hakuna mafuriko katika kipimajoto. Badala yake akatabasamu, akasogeza kinasa sauti karibu zaidi, akauliza: "Sasa Mama, miaka thelathini na minne, ni kitu gani hujawahi kuona hapa?"

Akeno akacheka. "Sijawahi kuona mwandishi akija siku ya sufuri."

Wakacheka wote, Kamande zaidi ya mwenzake. Waliagana kama ndugu.

Ilitangazwa baada ya siku mbili, taarifa ya saa moja jioni, redio ya Ekidor ikiwa imewekwa juu ya tangi la pikipiki ili majirani wote wasikie. Mtangazaji alisema kwamba mkazi wa Lodwar aliyepima mvua kwa zaidi ya miongo mitatu anakiri kuwa mafuriko haya hayana mfano. Kisha ikasikika sauti ya Akeno, safi kabisa, hata kicheko kidogo mwishoni kikifanana na kwikwi ya kulia: "Sijawahi kuona." Baada ya hapo akaja mtu mwingine kueleza viwanda vya Ulaya na barafu inayoyeyuka, na taarifa ikahamia kwenye mpira.

Kesho yake saa tatu, Ekidor alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, uso umejaa huruma.

"Mama Akeno, pole kwa macho. Zahanati iko hapo hapo, waone wakupe dawa."

Na mwenzake wa kwaya, yule aliyesaidiwa kutoa matope, akamsimamisha sokoni: "Mwaka wa El Nino tulikuwa juu ya paa la kanisa, mimi na wewe, umeshika jogoo. Ulikuwa umefumba macho?"

Akeno alipiga simu Nairobi.

"Mama, sauti si ni yako?" Kamande alisema, na kweli sauti yake ilikuwa na haya.

"Sauti ni yangu. Ila mmeichinja."

"Nilipewa dakika moja na nusu. Daftari lako haliingii ndani ya dakika moja na nusu. Na mhariri akisikia 'ya nne kwa ukubwa', anauliza hiyo ni habari gani. Lakini nitarekebisha, Mama. Nakuahidi."

Alitimiza ahadi. Wiki iliyofuata redio ikatangaza kwamba mtaalamu wa mvua wa Turkana anapinga mabadiliko ya tabianchi. Kesho yake kabla ya saa nne asubuhi gari la shirika moja lilisimama mbele ya zahanati. Akashuka mama mmoja mwenye kofia kubwa, akamweleza Akeno kwa upole kwamba maneno yake yanaumiza juhudi za wengi. Mchana akapiga simu mwanamume asiyemjua, kutoka Nairobi, akampongeza kwa kuwashinda wazungu waongo. Wote wawili Akeno aliwajibu jambo moja: njooni msome daftari. Yule wa kofia alikuwa na mkutano. Yule wa simu akakata. Katika siku kumi Akeno alikuwa amesema mambo mawili yanayopingana, na yote mawili hakuyasema.

Angeweza kulicheka jambo hilo mpaka likaisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kununa. Lakini ndipo Arot akapiga simu kutoka Kakuma.

Arot, binti yake wa pekee, alikuwa na miaka ishirini na tisa na tanuri la mikate. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Onésphore, Mkongomani wa Uvira, mkimbizi kambini tangu 2001, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla vita havijamfanya mwokaji. Yeye alijua unga. Arot alijua wauza makaa na lugha ya wenyeji. Walikuwa wamejenga tanuri lao mahali bora kuliko pote: kwenye ukingo wa mchanga wa laga ya Tarach, pale kivukoni ambapo watu wa kambi na watu wa mji hukutana kila asubuhi. Kwa kuwa unga hukandwa kabla ya mapambazuko, Arot alilala palepale, katika chumba cha mabati kilichoegemezwa tanuri. Mvua ile ile ya Aprili iliijaza Tarach. Tanuri lilikwenda, meza zilikwenda, chumba kilikwenda na kitanda chake. Ilikuwa Jumapili mchana, Arot yuko kanisani.

"Mungu ni mwema, Mama. Tumeshapata matofali. Jumatatu Onésphore anaanza kuyapanga."

"Wapi?"

"Palepale."

"Arot."

"Mama, mafuriko yale hayarudi. Si ya hapa, ni kitu kimetoka nje, hewa imeharibika huko Ulaya. Redio imeeleza. Na si wewe mwenyewe ulisema? Hapa kambini wote walikusikia. Watu wananipa hongera."

"Chumba chako mtakijenga wapi?"

"Ubavuni mwa tanuri. Kuna joto zuri."

Akeno aliiweka simu mezani. Kisha akamwita Ekidor, akampa chupa ya mistari na karatasi.

"Saa tatu. Si saa nne. Na ikiwa sufuri, iandike."

Safari yote ya kwenda Kakuma alikaa mbele katika lori la matangi ya maji, madaftari manne mapajani yamefungwa kwa leso, akimkatalia dereva kila alipotaka kuyaweka nyuma.

Onésphore alikuwa mtu mfupi, wa duara, mwenye ndevu ambazo unga haukuwahi kutoka. Alipomwona Akeno akiteremka kivukoni aliinua mikono yote miwili.

"Mama ya redio. Karibu sana. Arot, leta kiti, mama yako ni mtu mkubwa sasa."

Nyuma yake mchanga ulikuwa umesawazishwa vizuri, kamba imevutwa kwenye vijiti vinne, na mstari wa kwanza wa matofali umeshalala. Hakuna mtu ambaye angejua kwamba wiki tatu kabla maji yalipita hapo. Tarach ilikuwa imerudi kuwa mchanga mtupu, na mwanamke mmoja alikuwa akiivuka na kuku wake.

"Mwanangu," Akeno alimwambia Onésphore alipokwisha kunywa maji, "hamisha matofali."

"Kwa sababu gani?"

"Mto utarudi."

"Mama, redio ilisema kintu kile hakiyaonekana hata siku moja. Na weye ulisema ndani ya redio. Nilikusikia na masikio yangu yote mbili."

"Walinikata."

"Bon, sawa. Mara ya kwanza walikukata. Na mara ya pili?"

"Walinishona vibaya."

Arot aligeuka kuficha kicheko. Onésphore hakuficha chake. Lakini Akeno alipofungua madaftari aliacha kucheka, akapangusa mikono, akaketi, akasoma kama mwalimu anavyosoma: kidole juu ya kila mstari, akirudi nyuma pale namba zilipomshangaza. Alisoma kwa karibu saa nzima. Akeno alifurahi kuliko alivyotaka kuonekana. Katika miaka thelathini na minne, huyo alikuwa msomaji wake wa pili, na wa kwanza alikuwa sista, kabla hajaondoka.

"Kazi hii ni nzuri sana," Onésphore akasema hatimaye. "Mkebe wenyewe uko wapi?"

"Kanamkemer."

"Kutoka hapa ni kilomita ngapi?"

"Mia na ishirini."

"Mama, Uvira na Bukavu ni hivyo hivyo. Mvua ya Uvira hainiloweshi nikiwa Bukavu."

Jibu hilo lilikuwa la Akeno mwenyewe. Mara ngapi amewapa maofisa waliotaka kujua mvua ya Lokori kwa kuchungulia mkebe wa Lodwar? Na zaidi ya hapo, maji ya Tarach huanguka milimani, mbali, siku ambayo Kakuma haijaona hata wingu. Daftari lake halikujua lolote kuhusu mto huu. Alilifunga, akalifunga tena kwa leso.

"Kuna nani hapa anayejua?" akauliza.

"Kambini?" Arot akafikiri. "Waliokuwapo wakati wa El Nino wengi wameshapelekwa Amerika na Australia. Wanaokumbuka ndio huondoka kwanza."

Aliketi hapo jioni yote akila maandazi ya mafuta, maana tanuri halikuwepo, na akitazama wanawake wa Kiturkana wakileta kuni na makaa kuuza kambini. Arot alikuwa akiwapokea. "Akiru, weka pale. Akiru, jana ulileta mbichi. Wewe Akiru wa mwisho, subiri."

Akeno akaacha kutafuna.

Kwa Waturkana mtoto huja na habari zake, na habari hizo huwa jina. Akeno alizaliwa kando ya mafiga ya jikoni. Arot alizaliwa barabarani, mama yake akiwa njiani kwenda zahanati. Anayezaliwa mvua ikinyesha huwa Akiru, na akiwa wa kiume, Lokiru. Katika nchi ambayo mvua huja kwa kubembelezwa, kuzaliwa siku ya mvua si jambo dogo. Na hapa mbele yake, wamebeba kuni vichwani, walikuwa wakipita watu waliozaliwa ukingoni mwa mto huu huu, kila mmoja ameandikwa tarehe yake.

Kesho yake alitembea ukingo wote, boma hadi boma, akisalimia na kuandika. Adhuhuri alirudi kivukoni akiwa na msafara: Akiru kumi na mmoja na Lokiru wawili, wazee kwa vijana, wengine wamekuja kwa sababu walisikia kuna mkate.

"Kumi na tatu," akamtangazia Onésphore. "Mvua kumi na tatu, zote za hapa. Si za Kanamkemer."

"Mama umeniletea jeshi." Onésphore alivuta kreti, akaketi kama hakimu, Arot akasimama kando yake kutafsiri. Akamnyooshea kidole mtu wa kwanza, mama mnene mwenye shanga nyekundu. "Weye Akiru, siku ulizaliwa, mvua ilikuwa kubwa namna gani?"

"Mvua gani?" yule mama akasema. "Mimi nimezaliwa kiangazi. Ng'ombe walikuwa wanakufa. Jina ni la nyanya yangu."

Onésphore akamgeukia wa pili.

"Na weye?"

"Langu la shangazi."

"Mimi nyanya."

"Mimi pia nyanya. Nyanya mmoja na huyu, sisi ni ndugu."

Lokiru wa kwanza alisema amepewa jina la rafiki ya baba yake, mtu wa Nariokotome, ambaye pia hakuzaliwa kwenye mvua bali alirithi. Wanawake walianza kucheka, kila mmoja akiungama kabla hajaulizwa. Onésphore alikuwa akipiga goti kwa furaha. Akeno alisimama katikati yao na karatasi yake. Yeye, aliyelelewa katika mila hiyo, alisahau kwamba jina pia hurithiwa kama mbuzi. Alitaka sana ile hesabu ikue. Kwa miaka thelathini na minne hakuna aliyemkamata ameandika mvua ambayo haikunyesha, na leo amekamatwa nazo nane mkononi.

Akazikata mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa mstari ulionyooka.

"Tano zimebaki," akasema. "Uliza."

"Mama, unaweza kupumzika kwanza."

"Uliza, Mwalimu."

Wawili kati ya hao watano walizaliwa kwenye manyunyu ambayo, kwa maneno ya mmoja wao, hayakuzima hata moto. Akeno akawakata. Wakabaki watatu. Wa kwanza alikuwa bibi mwenye nywele nyeupe, aliyezaliwa zamani za mkuu wa wilaya mzungu. Wa pili alikuwa wa umri wa Arot na zaidi kidogo. Mama yake alimzaa baada ya ile njaa kubwa waliyoiita Lopiar. Wa tatu alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, wa El Nino, aliyekuja na mama yake mzazi kumsemea.

Onésphore alianza kuuliza mvua ilikuwa kubwa kiasi gani, Akeno akamzuia kwa mkono.

"Usiwaulize kubwa. Kubwa ni ya kila mtu na yake. Waambie waende wakasimame pale maji yalipofika."

Arot akatafsiri. Mama wa msichana wa El Nino hakufikiri hata kidogo. Alimshika binti yake mkono, akapita matofali, akapita mahali palipokuwa na chumba, akapanda mpaka kwenye njia ya juu, akasimama. "Hapa. Hapa ndipo nilipomshikilia mbuzi." Wa pili akaenda kwa hatua za pole, akitazama huku na huku kama anayetafuta kitu alichoelezwa na mama yake mara nyingi, akasimama hatua kumi juu ya wa kwanza. Bibi hakusimama. Aliendelea kupanda, fimbo mkononi, mpaka kwenye mawe meusi yaliyo juu kabisa, akaketi juu ya mojawapo.

"Nilizaliwa hapa," akasema kwa Kiturkana, na Arot akatafsiri. "Nyumba ilikuwa huko chini mnakojenga."

Onésphore alikuwa amesimama ndani ya kamba zake nne. Ili kuwatazama wote watatu ilimbidi ainue kichwa.

"Miye niko hapa myaka kumi na mbili," akasema. "Sikuona hata mara moja."

"Na ulitaka kuoka mikate miaka mingapi?"

Onésphore akaokota tofali moja, akaligeuza, akalirudisha mahali pake.

"Basi redio ilidanganya? Hewa ya Ulaya haiharibike?"

"Hilo sikusema," Akeno akajibu. "Msije mkanikata na nyinyi. Usiku wetu si ule wa zamani, unakuwa na joto mwaka baada ya mwaka, nimeuandika na hakuna anayeuliza. Pengine hata mvua inabadilika. Miaka thelathini na minne ni michache, sijui. Lakini huu mchanga ulikuwa wa mto kabla kiwanda hata kimoja hakijajengwa. Kama redio inasema kweli, mto utarudi mapema zaidi. Kama inasema uongo, utarudi wakati wake. Wewe unataka Arot alale hapa mto ukija mapema, au ukija wakati wake?"

Arot aliacha kutafsiri, kwa kuwa hilo halikuhitaji tafsiri.

Onésphore aliketi tena kwenye kreti. Alipozungumza hakuwa na mzaha. "Mama, nitakuambia ukweli. Habari ile ilinipoza moyo. Mimi mwalimu wa hesabu, nilijenga ndani ya mto. Ndani ya mto, Mama. Arot angekuwa amelala... Halafu redio inasema hapana, si weye, ni dunia nzima. Nilisikia raha."

"Najua," Akeno akasema. "Mimi nilipoandika mvua yangu kubwa ya kwanza, niliomba mtu aje aniambie mkebe ndio mbovu."

Onésphore akasimama, akang'oa kijiti cha kwanza, akaanza kukunja kamba.

Matofali yalihamishwa mchana huo huo. Walishiriki wote kumi na watatu, wale wa nyanya na wa shangazi pia, Lokiru wawili wakibishana ni nani kati yao amebeba mengi, na bibi akiwa juu ya jiwe lake akiwaelekeza kwa fimbo kama askari wa barabarani. Onésphore alinung'unika kila alipopanda. Wateja watachoka. Kivuko kiko chini. Nani atapanda mlima kwa ajili ya mkate?

"Mlima gani?" Arot alimwambia. "Hatua mia na kumi. Nimehesabu."

"Mia na kumi na sita," Onésphore akasema. "Miguu yako ni mirefu."

Ujenzi ulichukua siku tisa. Akeno alibaki, akakanda udongo, akamfundisha Arot wimbo mmoja wa kwaya na kugombana naye juu ya mwingine. Siku ya kumi tanuri likawashwa, na mkate wa kwanza ukatoka umeungua upande mmoja, kwa kuwa upepo wa huku juu haukuwa ule wa kivukoni. Hakuna aliyelalamika. Akiru wote walikuwapo, kila mmoja akidai aliahidiwa mkubwa.

Walikuwa bado wanagawana Arot alipoonesha chini kwa kidevu. Pale palipokuwa na kamba, mwanamume mrefu alikuwa akipima mchanga kwa hatua, baiskeli yake imelala pembeni. Alikuwa Bior, Msudani mwenye kazi ya kuchaji simu, aliyetafuta mahali pa kibanda tangu mwaka jana. Alipowaona wanamtazama akapaza sauti kwa Kiswahili chake kinyoofu.

"Hapa mmeacha? Hapa ni pazuri sana. Mafuriko yamekwisha, redio imesema haijawahi kuonekana."

Akeno aliweka mkate chini na kuanza kujipangusa mikono, lakini Onésphore alimtangulia. Aliteremka mchanga akikimbia kwa kadiri tumbo lilivyomruhusu, kreti mkononi, akaliweka mbele ya Bior.

"Kaa kwanza, ndugu yangu," akasema akihema. Kisha akageuka na kuita juu. "Mama, niletee wale watatu."

Wale watatu walikuwa wameshaanza kuteremka, wakitafuna.